Titresheni ya Kwanza Chuoni: Jiulize Moli Ziko Wapi

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza huingia maabara wakiwa wamekariri hatua zote za titresheni, yaani kutafuta ukolezi wa myeyusho kwa kuuongezea mwingine polepole mpaka mmenyuko ukamilike, na hatua moja ikienda kombo hawajui pa kushika. Ni afadhali kukariri swali moja na kujiuliza kabla ya kugusa chombo chochote: moli (kipimo cha kiasi cha dutu) ninazozihesabu ziko wapi sasa hivi, na nikifanya hivi nitaziongeza au nitazipoteza? Karibu kila kanuni ya maabara hii inajibiwa na swali hilo.

Chukua suala la kusuuza, ambalo huwachanganya watu kuliko yote. Bureti, mrija mrefu wenye vipimo na koki chini, husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa, halafu kwa myeyusho wenyewe utakaojazwa humo, mara tatu, mililita 5 hivi kila mara. Ilaze, izungushe mpaka myeyusho uloweshe ukuta wote, kisha pitisha sehemu yake kwenye koki na ncha. Matone ya maji yakibaki ndani yatauzimua myeyusho, na ukolezi ulioandikwa kwenye chupa hautakuwa ule ulio ndani ya bureti. Pipeti, mrija wa kuvutia ujazo kamili, nayo ni hivyo hivyo. Chupa koni, ambamo titresheni hufanyikia, ni kinyume kabisa: isuuze kwa maji tu, na si lazima ikauke. Ukiisuuza kwa myeyusho utakaoupima, utaacha ndani yake moli ambazo hakuna aliyezihesabu. Maji hubadilisha ujazo wa kilichomo. Moli hubaki zile zile. Kwa sababu hiyo unaruhusiwa kurushia maji kuta za chupa koni katikati ya titresheni ili kuteremsha matone yaliyonata.

Pipeti ya mililita 25 inataka mkono uliotulia. Unapoingiza balbu ya mpira, shika pipeti karibu kabisa na ncha ya juu. Anayeishika katikati na kusukuma kwa nguvu huivunja, na kioo humchoma kiganja. Usivute kwa mdomo kamwe, hata kama kilichomo ni maji. Ncha ya chini izame vizuri muda wote wa kuvuta, maana ikichungulia juu ya kimiminika hewa huingia na myeyusho hurukia ndani ya balbu. Vuta kupita alama, futa nje kwa karatasi laini, kisha teremsha polepole mpaka kitako cha menisko (uso wa kimiminika uliopinda) kiguse alama. Ukimimina kwenye chupa koni, acha kimiminika kishuke chenyewe huku ncha ikigusa ukuta, subiri sekunde chache, ondoa. Litabaki tone dogo kwenye ncha. Usilipulize! Pipeti ya namna hii ilipimwa kiwandani na tone hilo likiwa limebaki. Ukilipuliza unatoa zaidi ya mililita 25.

Bureti ijazwe ikiwa imeteremshwa chini ya usawa wa macho. Sodiamu haidroksaidi, besi kali utakayoijaza humo, ikiingia jichoni huharibu haraka na kwa kina, kwa hiyo miwani ya kinga isivuliwe hata wakati wa kuosha vyombo. Ikitokea ajali, osha jicho kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi bila kusubiri mtu akuruhusu, na msaada uitwe wakati unaendelea kuosha.

Baada ya kujaza, ondoa faneli. Matone yaliyojificha shingoni mwake yanaweza kudondoka katikati ya kazi, na usomaji wako utaonyesha umetumia kidogo kuliko ulichotumia kweli. Halafu tazama chini ya koki kama kuna kiputo cha hewa. Kikitoka wakati wa titresheni, nafasi yake hujazwa na myeyusho ambao haukufika kwenye chupa koni, lakini bureti itauhesabu kana kwamba umefika. Fungua koki yote kwa ghafla mara moja au mbili ili kukisukuma nje. Wala usipoteze dakika tano ukitafuta 0.00 kamili: anza popote, mradi usomaji wa mwanzo umeandikwa.

Bureti ya mililita 50 ina mistari ya kila mililita 0.1, na jicho lako linapaswa kukadiria kati ya mistari hiyo. Andika 24.30, usiandike 24.3, sifuri hiyo inamwambia msomaji kwamba uliitazama nafasi ya pili. Jicho liwe sawasawa na menisko. Ukitazama kutoka juu, namba ya bureti huonekana ndogo kuliko ilivyo, kwa sababu namba zake huongezeka kwenda chini. Kwenye silinda ya kupimia kosa hilo hilo huikuza. Kadi nyeupe yenye mstari mweusi mpana, ikishikwa nyuma ya bureti na mstari ukiwa chini kidogo ya menisko, hukifanya kitako chake kionekane wazi. Myeyusho wenye rangi nzito kama wa potasiamu pamanganeti hauonyeshi kitako, hivyo soma ukingo wa juu, mwanzo na mwisho.

Sasa mizani. Sodiamu haidroksaidi hufyonza unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani, kwa hiyo huwezi kuipima gramu na kuamini ukolezi wake. Unatengeneza myeyusho wa takriban, kisha unautafutia ukolezi halisi kwa kutumia potasiamu haidrojeni fthaleti, maarufu kama KHP, iliyokaushwa. Masi yake ya moli ni gramu 204.22, na kila moli moja humaliza moli moja ya sodiamu haidroksaidi. Gramu 0.5106 ni milimoli 2.500, ambazo zitahitaji mililita 25.00 za myeyusho wa 0.1000 M (moli kwa lita). Si lazima upate 0.5106 kamili; kinachotakiwa ni kujua hasa ulichonacho. Pima kichupa chenye KHP, mimina kiasi kwenye chupa koni, pima tena, toa. Chembe zilizonata kichupani hazikudhuru kwa njia hii. Milango ya mizani iwe imefungwa, na kitu chochote kilichotoka kwenye tanuri kipoe kabisa kwanza, kwa kuwa hewa ya joto inayopanda hufanya kionekane chepesi. KHP huyeyuka taratibu kwenye maji. Zungusha mpaka punje zote ziishe kabla ya kufungua koki.

Weka matone 2 au 3 ya fenolfthalini (kiashiria kinachogeuka waridi kwenye besi), karatasi nyeupe chini ya chupa, na ufanye titresheni moja ya haraka ili ujue mwisho uko wapi. Zinazofuata, teremsha upesi mpaka zibaki kama mililita 2, kisha tone kwa tone, mkono mmoja ukizungusha chupa. Rangi ya waridi ikianza kuchelewa kupotea, umekaribia. Tone moja ni kama mililita 0.05. Lining'inize nusu yake kwenye ncha, liguse ukuta wa chupa, uliteremshe kwa maji. Unachotafuta ni waridi hafifu unaodumu sekunde 30. Ikififia baada ya dakika kadhaa usiongeze kitu: ni kaboni dayoksaidi ya hewani inayoingia. Waridi iliyokoza maana yake umepitiliza, na hesabu hiyo haiokoleki. Iandike hivyo hivyo, eleza kwa nini umeiacha, anza nyingine.

Rudia mpaka upate tatu zinazotofautiana kwa mililita 0.10 au chini. Ukipata 24.30, 24.35 na 24.90, usichukue wastani wa zote. Rudi utafute kilichotokea kwenye ile ya tatu: kiputo, au chupa koni iliyosuuzwa kwa myeyusho. Daftari liandikwe kwa kalamu ya wino, papo hapo, na kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha namba ya zamani ikisomeka, kwa kuwa mara nyingi namba uliyoikata ndiyo utakayoihitaji kesho yake.