Mwanangu, mkweo asiwe abiria wako wa kwanza

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku Mombasa tu wazima, alhamdulillahi. Kusi imeanza kuvuma, mvua bado hazijakatika, na bibi yako anakusalimu sana. Tangu asikie leseni yako imetoka, kila anayebisha hodi huambiwa kwamba mjukuu wake ni rubani.

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema Jumamosi unataka kumrusha baba mkwe kutoka uwanja wa ndege wa Wilson hapo Nairobi hadi Naivasha, yeye na mchumba wako na shemeji yako, mkale samaki kando ya ziwa kisha mrudi siku hiyo hiyo. Ukaniuliza: "Mama, wewe uliyekaa mnarani ukiongoza ndege miaka yote ile, rubani mpya ajiandae vipi kwa abiria wake wa kwanza?"

Nakujibu kwa moyo mweupe. Maandalizi yanaanza na kumchagua abiria, na mkweo usimchague. Si kwamba ana kasoro. Ni mzee wa watu, na mapenzi aliyokuonyesha sote tumeyaona. Lakini abiria wa kwanza awe mtu unayeweza kumwamrisha na kumkatalia bila kuona haya, na mkwe hayumo katika watu hao.

Hebu fikiri. Utamwuliza ana kilo ngapi? Utamwambia avue kofia yake ili vile visikizi vimkae vizuri? Utamwambia "Mzee, tunyamaze kidogo" wakati anakusimulia habari za shamba na huku mnara unakuita? Na ikiwa saa tatu asubuhi amekwisha kuvaa, ameshawaaga wazee wenzake kwamba leo anapandishwa ndege na mkwewe, nawe ukatazama upande wa Ngong ukaona wingu limelala juu ya vilima, utaweza kumwambia leo haturuki? Najua nilivyokulea. Utaona haya, na kwa haya hiyo utapaa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo safari yenyewe inaponitia wasiwasi. Ndege ya Cessna 172 ya aina unayokodi uzito wake wa juu kabisa wakati wa kupaa ni kilo 1,043. Tuseme ikiwa tupu ina kilo 680. Ya kwako utaisoma kwenye karatasi yake, usichukue namba ya kitabuni wala yangu. Zinabaki 363. Ukijaza matangi, mafuta yanayotumika ni kama lita 150, yaani kilo 109 hivi. Zimebaki 254 za watu na mizigo. Wewe una 72, mchumba wako tumkadirie 60, shemeji 80, na mzee kwa kimo chake hapungui 95. Hiyo ni 307, na bado sijahesabu mkoba wala zawadi ambazo mama mkwe hatakosa kuzifunga.

Utaniambia utapunguza mafuta. Sawa, Naivasha si mbali, na karatasini hesabu inaweza kukubali. Lakini karatasi hiyo haijasema lolote kuhusu wepesi wa hewa. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Siku ya nyuzi 25, ambayo kwa Nairobi ni siku ya kawaida tu, ndege inapaa kana kwamba iko futi 8,000, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa imekwisha kupoteza karibu robo ya nguvu zake kabla hujaachia breki. Umejifunza haya na mtihani umepita. Ila ulijifunza ukiwa na mwalimu mmoja kando yako na viti vya nyuma vitupu. Ndege ile ile ikiwa na watu wanne hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, hupanda polepole, na kwa sababu uzito umekaa nyuma, pua yake huwa nyepesi mkononi. Utakapotua utavuta usukani kwa nguvu ulizozizoea, nayo itainuka kuliko ulivyotaka.

Tena kwenda si kazi, kazi ni kurudi. Uwanja mdogo wa Naivasha uko zaidi ya futi 6,000. Mkimaliza kula itakuwa saa saba au saa nane, jua limewaka, nyuzi 27, na hewa pale itakuwa kama ya futi 9,000. Hapo ndipo utakapopaa na watu wanne walioshiba, uende kuutafuta ukingo wa Bonde la Ufa, wakati ambapo mawingu ya mvua ya alasiri nayo yanajijenga juu ya ukingo huo huo. Ukiamua kupita upande wa Ngong, kumbuka pale pamewekwa mitambo ya umeme wa upepo kwa sababu upepo haukosi, na mara nyingi unatoka mashariki. Kwako wewe unayetoka Bondeni, huo unakujia usoni, na upande wako wa vilima hewa inateremka. Ndege nzito yenye injini iliyopungukiwa haitapanda kwa sababu tu wewe umevuta usukani. Ukisema usubiri kupoe, jua la Nairobi linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na leseni yako haina kibali cha kuruka usiku.

Kwa hiyo Naivasha acha kwanza. Nenda kwa mwalimu wako, mwombe mruke pamoja na watu wawili nyuma, hata wanafunzi wenzako, ili mikono yako iijue ndege iliyojaa huku mtu mwenye uzoefu amekaa kando. Gharama yake nitachangia.

Baada ya hapo mchukue mdogo wako. Yeye peke yake. Anakupenda, haoni tabu kukujibu, nawe huoni tabu kumkemea. Nusu saa inatosha. Pitieni nje ya mji kwenye eneo lenu la mazoezi, atazame mbuga kutoka juu, mrudi. Msiweke miadi mikubwa ya siku hiyo. Miezi ijayo hii, Juni hadi Agosti, asubuhi za Nairobi mara nyingi huamkia wingu la chini linalochelewa kuondoka. Mwambie mapema: wingu likiondoka tutaruka, lisipoondoka tutakwenda kula nyama Kiserian kwa gari. Akijua hivyo, siku ikiharibika hakuna atakayenuna, na wewe hutasimama kwenye lami ukijishawishi kwamba kunafunguka.

Mkifika uwanjani mpime uzito, nawe ujipime mbele yake. Injini iwe imezimwa anapopanda na anaposhuka, na asipite mbele ya ndege hata kama propela imesimama. Mazoea hayo ayapate siku ya kwanza. Kiti chake kikague kwa mkono wako. Unajua viti vya Cessna huteleza kwenye reli. Pini isipoingia tunduni, ndege ikianza kupaa kiti hurudi nyuma, na mtu akishtuka hushika chochote kilicho mbele yake, nacho ni usukani. Jambo hili limeua watu, ndiyo maana mwaka 1987 Wamarekani walitoa agizo la lazima la kuzikagua reli hizo. Mwonyeshe mkanda unavyofungwa na unavyofunguliwa, na mlango vilevile, afanye mwenyewe hadi uridhike. Umwambie pia kwamba mlango ukifunguka angani ndege haitaanguka, kutakuwa na kelele na upepo tu, asijaribu kuuvuta. Wewe utarusha ndege kwanza, mlango baadaye.

Halafu mtayarishe masikio yake. Hili marubani wengi hulisahau kwa sababu wao wameshazoea. Abiria mgeni hasomi vipimo, anasikiliza. Utakapopunguza nguvu za injini baada ya kupanda, yeye atadhani imezimika. Utakapoteremsha flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, atasikia mota ikinguruma. Na magurudumu yakikaribia kugusa lami, king'ora cha kuonya kwamba mwendo umepungua mno kitalia, mlio mwembamba wa kutisha, wakati ambapo wewe umefurahi kwamba unatua vizuri. Mwambie yote hayo mkiwa bado chini, na angani umkumbushe kabla ya kila moja. Kabla ya kukata kona sema unakata upande gani. Kona ziwe za taratibu; huyu hakuja kuona ufundi wako. Mfuko wa kutapikia uwe mahali anapouona, na akisema turudi, geuza. Usimuulize kwa nini.

Mpe na kazi: akiona ndege nyingine au ndege wa angani, akuonyeshe kwa kidole. Wilson ina korongo na mwewe wanaotoka mbugani na majalalani, na ina shughuli nyingi kuliko viwanja vingi vya ndege ndogo Afrika. Tarehe 5 Machi 2024, nilikuwa nimeshastaafu, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Nairobi. Mwanafunzi na mwalimu wake walifariki. Ile kubwa ilirudi ikatua salama. Sitapima hapa nani alipaswa kufanya nini. Nakwambia tu kwamba macho mawili zaidi ni msaada mkubwa, na abiria mwenye kazi hutulia.

Sasa lile ambalo mimi mwenyewe nimelisikia kutoka mnarani. Rubani mpya akiwa peke yake huzungumza polepole, na asipoelewa huuliza. Siku akibeba jamaa zake sauti hubadilika. Huwa nzito, ya haraka, ya kutaka kusikiwa. Ukimpa maagizo yenye mambo matatu hukurudishia mawili kwa ufasaha mkubwa, la tatu limempita, naye haulizi kwa sababu kando yake kuna mtu anayemwona shujaa. Wewe uliza. Omba kurudiwa mara mbili, mara tatu. Ukipewa agizo usiloweza kulitimiza, sema huwezi. Aliye mnarani hakasiriki. Nilipokuwa nikisikia sauti inayouliza moyo wangu ulitulia, nilijua yule anajua alipo na asipojua atasema.

Kuna ajali moja ambayo siachi kuikumbuka ninapofikiria rubani aliyebeba shemeji. Tarehe 16 Julai 1999 John F. Kennedy Jr., mtoto wa yule rais wa Marekani, aliruka kutoka New Jersey na mkewe Carolyn pamoja na Lauren, dada wa mkewe. Walikuwa wakielekea harusi ya binamu wa John, na njiani wamshushe Lauren kisiwani Martha's Vineyard. Leseni ya John ilikuwa na mwaka na miezi kadhaa. Walipaa jua limeshazama, juu ya bahari kulikuwa na utusitusi, mstari wa upeo haukuonekana. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipotewa na hisia ya juu na chini akashindwa kuiongoza ndege. Katika ripoti yao imo kauli ya mwalimu mmoja aliyejitolea kuruka naye jioni ile. John alimjibu kwamba anataka kufanya mwenyewe. Namhurumia sana yule kijana, kwani nadhani naijua hamu aliyokuwa nayo.

Kuhusu fedha, shemeji yako akikupa "nauli" mrudishie. Leseni hii haikuruhusu kurusha ndege kwa malipo, na bima ikisikia umelipwa itakuwa na la kusema. Ile sharti ya kupaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 kabla ya kubeba mtu nayo usiichukulie kwamba inatosha. Ikiwa hukuruka mwezi mzima, nenda kwanza upige mizunguko kadhaa peke yako, ndipo umwite mdogo wako.

Baba mkwe atapanda, inshallah, lakini awe wa nne au wa tano, akae peke yake kiti cha mbele, asubuhi na mapema, na iwe ni kuzunguka tu na kurudi. Wakati huo utakuwa umeshamwambia mtu wa nyumbani "kaa kimya" zaidi ya mara moja na ulimi hautakuwa mzito.

Mpigie leo, usingoje Ijumaa. Mwambie kwamba mama yako, ambaye kazi yake ilikuwa kuziongoza ndege, amekushauri usubiri. Lawama nibebeshe mimi, nitazungumza naye mwenyewe. Jumamosi wapeleke Naivasha kwa gari, samaki ni wale wale. Na ukipanga siku ya kuruka na mdogo wako nijulishe, lakini usinitajie saa.

Wasalaam,
Mama yako