Mrija wa Mama: niliyojifunza kwa kutoa maji ya kifua nyumbani

Watu husema "maji kwenye mapafu", nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Kumbe ya Mama hayakuwa ndani ya pafu. Yalijaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu likakosa pa kutanukia. Saratani ya titi ndiyo iliyoyaleta. Hapa Uingereza tulikwenda hospitali kila baada ya wiki mbili, achomwe sindano mgongoni yatolewe, na siku za mwisho kabla ya zamu yake alikuwa analala ameketi, mito mitatu nyuma. Hatimaye daktari akamwekea mrija wa kudumu, laini, unaopita kidogo chini ya ngozi kabla ya kuingia kifuani. Mwishoni una vali isiyofunguka mpaka uchomeke chupa yake.

Muuguzi alinionyesha mara tatu, kisha akaniachia. Siku yangu ya kwanza niliosha mikono, nikatandaza kitambaa cha kwenye pakiti, nikavaa glavu za hospitali zisizo na vijidudu, nikafuta vali kwa spiriti, nikachomeka hadi ikalia "tik". Mpaka hapo sawa. Kosa langu lilikuwa kibana, kile cha kuzuia maji kwenye mpira wa chupa: nilikifungua chote. Chupa ile imenyonywa hewa kiwandani, kwa hiyo inavuta kwelikweli. Maji ya rangi ya chai yakaja kwa kasi, nami nimefurahi, najiona fundi. Mama akaanza kukohoa, akashika bega.

"Mwanangu, wataka kuyavuta na roho yangu?"

Nikafunga, nikampigia muuguzi. Akanieleza kwamba pafu lililokuwa limebanwa likitanuka ghafla huuma. Tangu hapo kigurudumu cha kibana anakishika Mama mwenyewe, mikono imeoshwa. Akisikia kubanwa anafunga, tunapiga soga za Tanga, akiwa tayari anafungua. Chupa ya dakika tano ikawa ya dakika ishirini, na kikohozi kikapungua sana.

Sisi tuliambiwa tusizidishe lita 1 kwa mara moja, siku moja tutoe, ya pili tuache. Mrija kama huu ukiwekwa wa kutoa maji ya tumboni, mara nyingi huruhusiwa hadi lita 2, lakini fuata kiwango alichopangiwa mgonjwa wako.

Weka daftari: tarehe, mililita, rangi. Yakishuka chini ya mililita 50 mara tatu mfululizo, piga simu. Huenda maji yanakauka, na hiyo ni heri. Ila yakiwa machache huku pumzi inakatika, mrija huenda umeziba. Usijaribu kuuzibua kwa bomba la sindano. Hiyo ni kazi ya hospitali. Wekundu, usaha, homa, au maji yaliyogeuka mazito kama uji: piga siku hiyo hiyo. Na mkasi usiukaribishe kwenye plasta kabisa, utaukata mrija.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: agiza chupa zikibaki tano, si moja. Krismasi ilitukuta na chupa moja, na waletaji wakasema tusubiri hadi sikukuu ziishe. Mama aliitazama ile chupa pale kabatini, akanigeukia.

"Kwani wote hao Wakristo? Hapana hata Muislamu mmoja mwenye gari?"