"Zakaria Nani?"

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia ujumbe: "Dada, hivyo vitabu unavyovitaja kila mara unavisoma saa ngapi? Mimi nikitoka kazini ni jiko, madaftari ya watoto, kitanda." Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikaona simtendei haki. Jibu langu linaanzia kwenye aibu ambayo sijawahi kuisimulia hapa.

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu, wakati huo yuko kidato cha tano, aliniomba nikazungumze na wasichana wenzake shuleni. Nilijiandaa. Nilishona kitenge kipya, nikasimama mbele yao nikawaambia kwamba vitabu ndivyo vilivyonilea, kwamba asiyesoma hujinyima dunia, maneno mazuri kabisa. Wakapiga makofi. Kisha binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Shangazi, kwa sasa unasoma kitabu gani?"

Sikuwa nasoma kitabu chochote. Nilikuwa na miaka kama tisa sijamaliza hata kimoja. Lakini mdomo ulinitangulia: "Rosa Mistika." Nilikuwa nimekisoma nikiwa na umri wao. Uso wa yule binti ukachangamka, kumbe ndiyo kwanza amekimaliza. Akauliza, "Basi Shangazi, wewe unaonaje, kosa lilikuwa la Rosa au la Zakaria?"

Nikamjibu, "Zakaria nani?"

Wachache walicheka. Yeye hakucheka. Alikaa chini taratibu, na hakuuliza tena. Waliokisoma kitabu hicho cha Euphrase Kezilahabi wameshanielewa. Zakaria ni baba yake Rosa, yule mlevi wa Ukerewe aliyewabana binti zake hadi akawaharibu kwa kuwalinda. Ukiwa unasoma kitabu hicho "kwa sasa", huwezi kuuliza Zakaria ni nani. Yule binti alijua kwamba nimemdanganya, na kukaa kwake kimya kunaniuma mpaka leo.

Njiani nilijitetea kwa neno ambalo nyote mnalijua: muda. Naishi Kimara, Dar es Salaam, kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili niwahi basi la mwendokasi kabla ya msongamano, na nikichelewa nusu saa tu nasimama hadi mjini huku nimebanwa kama kuni kwenye mzigo. Jioni ni vilevile. Muda ningeutoa wapi?

Lakini nilikuwa nafika Posta kabla ya saa moja, wakati ofisi hufunguliwa saa mbili kamili. Kila siku ya kazi nilikaa kwenye benchi la mlinzi zaidi ya saa nzima, natazama simu. Piga hesabu ya siku tano. Ni zaidi ya saa tano kwa wiki, na nilikuwa naapa mbele za watu kwamba sina hata dakika kumi.

Kwenye benchi hilo hilo kulikuwa na mtu anayesoma, nami sikuwahi kumwona. Mzee mlinzi wa jengo letu alikuwa na kitabu alichokivika jalada la gazeti, kama tulivyokuwa tukivika madaftari shule ya msingi. Siku chache baada ya aibu yangu nilimuuliza anasoma nini. "Kuli," akasema. "Kama hujakisoma nitakuazima, lakini nitakuuliza."

Kuli ni riwaya ya Adam Shafi, ilitoka 1979. Inawahusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948, na ndani yake yumo kijana Rashidi anayeingia kwenye ukuli uleule wa baba yake. Mzee mwenyewe alibeba magunia bandarini Tanga ujanani mwake. Kuna kurasa aliwahi kunionyesha kwa kidole, akaniambia, "Hapa mwandishi hajaongeza chumvi."

Na kweli aliniuliza. Kila asubuhi, baada ya "Shikamoo mzee" na "Marahaba mwanangu", swali lilikuwa moja: "Rashidi amefika wapi?" Hakuniuliza idadi ya kurasa hata siku moja. Alitaka habari, kama mtu anayemuulizia ndugu aliye safarini. Nisingeweza kumdanganya, kitabu alikuwa nacho kichwani. Kuna asubuhi nilisoma kurasa tatu nimesimama kituoni, mkono mmoja umeshika mkoba, ili tu nisifike kwake mikono mitupu. Baada ya wiki tano nilikimaliza.

Siku ninakimaliza nilikuwa jikoni, maharage yanachemka, nimekaa kwenye kigoda. Wifi yangu akaingia, akasema mbele ya wageni kwamba nyumba ya mwanamke anayesoma hadithi huwa haikosi vumbi. Nyumba yangu ilikuwa imedekiwa asubuhi ile. Sikumjibu, wala sijalisahau. Mwanamke akikaa saa nzima na tamthilia kwenye televisheni hakuna anayemsema, akishika riwaya anaambiwa ametelekeza nyumba. Dada zangu, msikubali. Maharage hayahitaji kutazamwa hadi yaive.

Kwa hiyo, mama uliyeniandikia, ushauri wangu ni huu: mtajie mtu kitabu unachosoma. Usimtajie mtu yeyote tu, mtafute aliyekwisha kukisoma, au anayekisoma pamoja nawe, na awe mtu wa kuuliza. Wale wanaotangaza kila Januari kwamba mwaka huu ni vitabu ishirini, mimi nilikuwa mmoja wao, na hakuna aliyewahi kuniuliza ishirini ile iliishia wapi. Kitabu kikae juu kwenye mkoba, simu ikae chini. Kisipokushika, kirudishe uchukue kingine. Kama hela ya kununua hakuna, azima. Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi ipo. Lakini kubwa ni hilo la kwanza. Mtajie mtu.

Mimi sasa hivi nasoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 aliyoiandika kwa Kiingereza. Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, amechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, na mwenyewe hajui. Naisoma polepole. Mzee anaisubiri, amesema safari hii yeye ndiye atakayeulizwa.

Kabla ya hapo nilirudia Rosa Mistika, neno kwa neno. Nilipofika mahali Zakaria anapompiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, nilifunga kitabu nikakaa nacho mapajani. Nina binti wa miaka kumi na mmoja, na mwezi mmoja kabla nilikuwa nimepekua begi lake la shule akiwa amelala.

Nimemwandikia majibu yule binti wa shuleni, kurasa mbili kwa mkono. Nimemwambia kosa ninaliona kwa Zakaria, nimemwambia kwa nini, na habari ya begi nimeiandika pia. Juu kabisa nimeomba radhi kwa kudanganya. Mtoto wa kaka yangu anasema mwenzake huyo alimaliza kidato cha sita na sasa yuko kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), simu hana. Barua iko kwenye mkoba wangu, ndani ya Peponi, hadi atoke.