Re: Bosi amekata siku za ugonjwa kwenye likizo yangu

Pole dada. Siku 4 ulizolala na taifodi bosi hafai kuzitoa kwenye likizo ya mwaka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 30: ukishafanya kazi miezi 2 mfululizo, una angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Likizo yenyewe ni siku 21 za kazi, kando kabisa.

Lakini ulipeleka cheti cha daktari? Hapo ndipo wengi wetu huku viwandani Industrial Area, Nairobi, tunateleza. Risiti ya duka la dawa si cheti. Na ile meseji ya kumjulisha unaumwa, usiifute. Akikaidi, nenda ofisi ya leba. Bosi wangu alilegea nilipoitaja tu.