Middlebrook alifanya nini hasa?

Ndugu, umeuliza kwa nini jina la mhandisi Middlebrook halikosekani kwenye somo la elektroniki za nguvu, yaani fani ya kubadili umeme kwa swichi za kielektroniki. Alizaliwa Uingereza 1929, akasoma Cambridge, akapata shahada ya udaktari (PhD) Stanford 1955, na mwaka huohuo akaanza kufundisha chuo cha Caltech, Marekani. Alibaki hapo hadi alipostaafu 1998. Mwanzoni alishughulika na transista. Vigeuzi vya umeme, yaani vifaa vinavyobadili umeme kutoka volti moja hadi nyingine, vilikuja baadaye.

Kazi anayojulikana nayo zaidi ni ya 1976, pamoja na mwanafunzi wake Slobodan Ćuk. Ndani ya kigeuzi, kama kile cha chaja, kuna swichi inayowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na kila hali ina milinganyo yake. Wao walichukua wastani wa milinganyo hiyo, kwa kuzingatia swichi inawaka kwa sehemu gani ya muda, wakapata modeli moja ambayo mhandisi anaweza kuitumia kubuni mfumo wa udhibiti.

Lakini kwangu mimi, la chujio la kuingilia (saketi inayosafisha umeme kabla haujaingia kwenye kigeuzi) ndilo zuri kuliko yote. Kigeuzi kinachodhibitiwa vizuri huvuta nguvu ileile: volti zikipanda, ampea hushuka. Kwa hiyo ukiweka chujio mbele yake bila kukagua impedansi (ukinzani wa jumla dhidi ya mkondo unaobadilika), mfumo mzima unaweza kuanza kuyumba, hata kama kila kipande peke yake ni kizima. Middlebrook alitoa sharti lake mwaka huohuo wa 1976: impedansi ya chujio iwe ndogo sana kuliko ile ya kigeuzi upande wa kuingilia. Kama unabuni inveta za sola, anza na hilo kabla hujafungua programu ya uigaji.