Maswali Yenu: Vitabu vya Kale vya Picha

Nimerithi kutoka kwa mama mdogo kitabu kikubwa cha Joy Adamson, The Peoples of Kenya. Jirani anasema nimeshika mali. Ni kweli? (Msomaji, South C)

Jirani anakutakia mema, ila ametia chumvi. Kitabu hicho kilitoka London mwaka 1967, kikiwa na picha za jamii zetu ambazo serikali ya kikoloni ilimwagiza Adamson azichore kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Ni kizuri kweli. Lakini walionunua walikuwa watu wenye kabati za vitabu, wakakitunza, na ndiyo maana nakala bado hupatikana. Angalia kama lile jalada la karatasi linalovikwa juu ya gamba bado lipo. Kwa vitabu vya karne ya 20, likikosekana bei huporomoka hata kama kurasa za ndani ni safi.

Nitatambuaje toleo la kwanza? (Msomaji, Kasarani)

Fungua ukurasa wenye jina la kitabu, kisha uugeuze. Ukikuta miaka ya kuchapishwa tena imeorodheshwa hapo, si la kwanza. Vitabu vingi vya miongo ya karibuni vina safu ya tarakimu, na ile ndogo kabisa iliyobaki ndiyo nambari ya chapa uliyoshika.

Hata hivyo, wengi hukimbilia toleo la kwanza wakasahau kuhesabu picha. Vitabu vya mchoraji Mwingereza Arthur Rackham vya mwanzoni mwa karne ya 20, kwa mfano, vina picha zilizochapishwa kando kisha zikabandikwa kwa gundi kidogo tu ukingoni. Huchomoka, au huchomolewa na mtu mwenye fremu ukutani. Chukua orodha ya picha iliyo mwanzoni mwa kitabu uilinganishe na zilizopo, moja moja, kabla hujatoa pesa.

Mzee alituachia katoni ya magazeti ya Joe na vitabu vya Pichadithi. Mke wangu anataka kumpa muuza njugu. (Msomaji, Umoja)

Mwambie shemeji muuza njugu atapata karatasi kwingine! Joe lilianzishwa hapa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst. Pichadithi zikaja miaka ya 1980, zikitupa ngano zetu kwa vibonzo. Hakuna aliyeziweka kabatini. Zilisomwa ndani ya matatu, zikaazimwa mtaa mzima, zikaishia kufungia mandazi. Kwa maoni yangu katoni yako inapendeza kuliko kile kitabu cha South C, ingawa soko lake bado halina bei iliyokubalika, na anayekutajia bei kwa uhakika anabahatisha.

Anza kwa kuandika orodha: nambari ya toleo, mwezi, hali yake, kurasa zinazokosekana. Mfululizo usio na pengo huthaminiwa zaidi ya nakala mojamoja. Zilaze ndani ya sanduku, mbali na dirisha, bila kuzifunga kwa raba. Karatasi ya aina ya gazeti ina tindikali inayoitafuna polepole, na jua huharakisha kazi hiyo. Tafadhali usizipeleke kupigwa laminesheni.

Kurasa zina madoa ya kahawia, nyingine zimechanika. Nitumie jik na selotepu? (Msomaji, Rongai)

Hata kidogo. Jik hudhoofisha nyuzi za karatasi, na gundi ya selotepu hugeuka njano ikaacha alama isiyotoka. Yaache madoa. Sogeza kitabu mbali na ukuta wenye unyevu, hasa baridi ya Julai ikibisha, na usikifunge ndani ya nailoni.

Wapi naweza kuona vitabu vya zamani bila kununua? (Msomaji, Ngara)

Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue. Mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, una maelfu ya vitabu vilivyochapishwa kabla ya 1900.

Muuzaji mjini amenipa robo ya bei niliyoiona mtandaoni. Ananipunja? (Msomaji, Pangani)

Ile ya mtandaoni ni bei anayoomba mtu, si aliyolipwa. Tafuta bei zilizofikiwa minadani kwa nakala yenye hali kama yako. Theluthi hadi nusu ya bei ya rejareja ni ofa ya kawaida, maana muuzaji ana kodi ya duka na huenda akakaa na kitabu miaka. Kwa hiyo robo, bishana naye. Ila kama kina mhuri wa maktaba na hakuna mhuri mwingine wa kuonyesha kiliondolewa rasmi, ulizia maktaba hiyo kwanza. Huenda si chako kuuza.