Kihisi cha kuvuja choo usikiweke sakafuni

Boss wa Mamboleo, usilipe hiyo dipoziti ya vihisi. Unasema bili ya maji imepanda, huoni maji popote, na muuzaji amekushauri uweke kihisi kimoja, kile kidude kinacholia kikiguswa na maji, sakafuni katika kila choo cha ghorofa lako. Hadithi hiyohiyo nilipigiwa mimi hapa Nakuru, nikavinunua vya ploti nzima ya Section 58.

Hicho kidude kina vichuma viwili chini, na hakilii mpaka maji yaviguse vyote. Sasa choo kinachokula bili hakimwagi hata tone sakafuni! Raba ya chini ya sisteni, lile tangi dogo la kuflashia, ikichakaa au ikinasa mchanga, maji yanapenya, yanateleza kwenye ukuta wa nyuma wa bakuli na kwenda zake majitaka. Sakafu kavu, programu ya simu kijani kitupu, mita inazunguka. Nusu lita kwa dakika ni lita 720 kwa siku, yaani zaidi ya yuniti 21 za lita 1,000 kwa mwezi, choo kimoja tu. Vyangu vililia Jumamosi, mama wa ghorofa ya pili akipiga deki. Ni msafi sana, ushahidi ninao kwenye simu.

Nilipompigia jamaa aliyeniuzia, akaniambia niongeze vingine nyuma ya choo. Nyuma! Mtu hajawahi kufunua kifuniko cha sisteni, anakuuzia teknolojia ya choo.

Kihisi kinakaa kwenye paipu, na kihisi chenyewe ni mita. Tafuta mita ndogo inayotuma palsi moja, yaani ishara moja ya umeme, kwa kila lita, maana ile ya palsi moja kwa lita 100 uvujaji mdogo utausubiri sana. Ifungwe kwenye laini inayoshuka kutoka tangi la juu kuingia kila nyumba. Mita ya getini itakudanganya: maji ya mgao yakija usiku, floti, lile boya la kufungua na kufunga maji, inafunguka, tangi linajaa, nawe unaamka ukidhani kuna choo kinavuja. Ukishafunga baada ya tangi, angalia saa nane usiku hadi saa kumi alfajiri. Watu wamelala, mita ikae kimya. Nyumba ambayo mita yake haitulii hata dakika chache, kapige hodi asubuhi.

Na kabla hujanunua chochote, chukua rangi nyekundu ya keki, tia matone kadhaa ndani ya sisteni, mtu asiflashi kwa nusu saa, kisha chungulia bakuli. Ukikuta wekundu, ama raba imechoka ama floti imepandishwa mno, maji yanamwagikia kwenye ile paipu ya katikati. Funua kifuniko utaona ni ipi.

Mita itume taarifa kwa Wi-Fi au laini ya simu, na wapangaji wagawiwe bili vipi, hayo wengine watakujibu. Raba inauzwa peke yake kwenye hadiwea. Fundi akikwambia lazima ununue sisteni nzima, tafuta mwingine.